Waridi Katika Damu ya Mama

Dar es Salaam
9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utanung'unika kwamba nimeanza tena barua na simu ipo. Lakini Baba, mimi na wewe kwenye simu hatuelewani. Juzi nimekuuliza homa ya mama, ukanijibu kwamba tangawizi ya bondeni imeoza. Tena kanisa zima la Wasabato la jirani wanakusikia unavyopiga kelele. Barua unaisoma kwa miwani yako, taratibu, na hakuna wa kusikiliza pembeni. Nimemkabidhi kondakta wa basi. Iddi wa bodaboda ataichukua stendi Same na kukupandishia Mamba.

Jambo lenyewe ni homa ya mama. Kaka Rodgers kabla hajaondoka na lori kwenda Zambia aliniambia neno moja likaninyima raha. Alisema mama akiunganishwa kwenye mashine ya kusafishia damu siku ya Jumatatu, haichukui muda anaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana, manesi wanamrundikia mablanketi. Alhamisi anasafishwa vilevile, mashine ileile, manesi walewale, na hatetemeki. Wagonjwa wenzake wanaokaa kiti cha jirani hawatetemeki siku yoyote.

Kwa hiyo si mashine, Baba. Ni kitu kilichomo ndani ya ule mpira wa mama wa kifuani. Mashine ikianza kuvuta, kinasukumwa kwenye damu, na mwili unakataa. Walipopima damu huko kwenu, majibu yakasema ni uchafu wa ngozi tu, mtu hakufuta vizuri kabla ya kuchoma. Mara ya pili, uchafu wa ngozi. Mara ya tatu, tena uchafu wa ngozi. Mimi kazi yangu ni maabara, na uchafu wa aina moja haurudi kila mara mahali pamoja. Nimeomba chupa za damu yake ziletwe kwetu huku niziangalie mwenyewe.

Sasa nijibu bila kumficha mtu. Jumatatu mama anaamkia mjini kwa wifi Salha, mkewe Rodgers. Nani anamwogesha Jumapili jioni? Nani anashika ile bandeji? Kuna mtu mwingine chumbani, au ni Salha peke yake?

Mwanao,
Honorata


Mamba, Same
17 Machi 2025

Kwa mwanangu Honorata,

Marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa vibaya na inanuka petroli, lakini imesomeka. Mimi sipigi kelele kwenye simu. Simu ndiyo inayonipigia kelele mimi.

Umeniuliza mambo ya mkwe wangu Salha, na mimi si mtu wa kusema mke wa mwanangu. Nitasema nilichokiona tu. Mama yako akiwa pale kwao mjini, Salha ndiye anayemwogesha, na akimwogesha anafunga mlango kwa ufunguo. Siku moja niligonga, akaniambia, "Baba, subiri." Nikasubiri mpaka chai yangu ikapoa. Wanachofanya humo ndani mimi sikijui. Na kabatini kwake kuna mfuko wa mabomba ya sindano, mapya, kila moja na karatasi yake. Anasema ni ya kuchanjia mbuzi wa kaka yake Hamidu kule Kisiwani. Inawezekana. Mbuzi nao wanaugua. Ila mabomba nimeyaona kwa macho yangu.

Huku nyumbani mama yako anapandishwa Ijumaa na kurudishwa Jumapili, ndivyo alivyotaka mwenyewe, maana anasema asipoona mgomba wake wiki nzima anakosa usingizi. Anapata makande, anasali, anakaa kivulini, na tunamtunza inavyopaswa. Huku hakuna wasiwasi.

Mimi, mwanangu, ninachoogopa si homa. Ninaogopa mpira kuziba. Wewe hukuwepo Krismasi ule wa kwanza ulipoziba. Walimkata upya upande wa pili nami nikiwa nje ya pazia, na mama yako Koleta, ambaye alikuzaa wewe bila hata kuguna, siku hiyo aliita jina la marehemu mama yake. Nesi alitoka akaniambia, "Mzee, huu nao ukiziba, pa kuweka mwingine pamebaki padogo." Neno hilo linakaa nami nikiwa nimelala na nikiwa nimeamka.

Unajua kazi yangu. Ndiva yetu, hilo bwawa la kumwagilia mashamba, nimeilinda tangu wewe huna meno, na hakuna mfereji wangu uliokauka kwa uzembe. Mfereji ukikaa bila maji kupita, tope linatulia, linashikana, na siku ukifungulia maji yanakataa. Hao manesi wanaufunga mpira kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, halafu wanashangaa unaziba! Nilimwambia daktari, akacheka, akasema, "Mzee, tuachie sisi."

Mama yako anakusalimu. Anasema usimchukie mtu.

Ni mimi baba yako,
Eliezeri


Dar es Salaam
27 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nimempata. Damu ya mama ilipofika niliipandikiza kwenye sahani zetu, nikaziweka kwenye kabati la joto kama tunavyofanya siku zote. Siku zikapita, hakuna kitu, vijidoa tu ambavyo hata macho yanabishana navyo. Mwenzangu Asteria akataka kuzitupa. Nikamzuia. Nikachukua sahani moja nikaiacha mezani, kwenye hali ya kawaida ya chumba, kwa sababu kabati lile lina joto la mwili wa mtu, na kuna bakteria wasiolipenda. Asteria akanitania kwamba nimeanza kufuga. Karibu wiki nzima nikawa naichungulia. Leo asubuhi nimeifunua, imejaa madoa ya waridi, waridi kabisa, rangi ya lile gauni la mama alilovaa harusi ya Rodgers. Nilimwita Asteria aje aone.

Tumemtafuta jina kwa siku nzima, vipimo juu ya vipimo. Anaitwa Methylobacterium. Usijisumbue kulitamka, hata mimi naliandika huku natazama karatasi. Huyu makazi yake ni maji, na majani ya miti. Hata dawa ya kutibia maji anaivumilia kuliko wenzake. Ukimnywa hakufanyi kitu. Kwenye damu ya watu ni nadra mno, na ndiyo maana huko walimwona wakamwita uchafu. Na Baba, sikiliza hapa: huyu hatembei akaingia mwenyewe kwenye mpira uliofungwa kifuniko. Anaingizwa. Mtu anafungua kifuniko, anasukuma maji ndani, anafunga tena.

Maji, Baba. Na nyumba ile ina mabomba ya sindano kabatini, na mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Sisemi Salha ni muuaji. Ninasema Rodgers hayupo, mgonjwa ni mzito, na mtu akichoka kuuguza anaweza kufanya mambo ambayo hata yeye hajiambii. Tangu siku ya kwanza yule binti ananyamaza mno. Nimemfungia namba yake kwenye simu yangu, maana alianza kunipigia kuuliza majibu ya damu. Anayataka ya nini?

Mwondoe mama pale. Barua hii ikifika tu, usingoje Ijumaa. Akae kwako Mamba, mikononi mwako wewe na si mwa mtu mwingine yeyote, na siku za kusafisha mshuke wote na kupanda wote. Nimetuma chupa tupu safi kwa basi. Jaza maji ya bomba la kwa Salha, bandika karatasi uandike yanakotoka, unitumie. Usimwambie.

Mimi wako,
Honorata


Same Mjini
4 Aprili 2025

Wifi Honorata,

Salaam. Umenifungia namba, basi tuandikiane kama watu wa zamani. Mimi mwandiko wangu si mzuri, utavumilia.

Baba amekuja hapa na gari la Mzee Asheri wa kanisani kwenu, akamkunja mama na shuka zake akampakia. Mama analia, mimi nalia, baba hanitazami usoni. Nikamuuliza, "Baba, nimekosa nini?" Akasema, "Honorata ndiye anayejua." Kisha akaenda bombani kwangu uani akajaza maji kwenye chupa, kanipa mgongo, anadhani simwoni. Mzee wa watu hata kuiba hajui.

Haya. Wewe unayejua, hebu nijue na mimi. Mlango naufunga, ndiyo. Naufunga kwa sababu mama yako akivua nguo akaona yale makovu na ule mpira unaning'inia, analia kama mtoto, na ameniapisha kwa Mungu wangu na wake kwamba mzee asimwone vile. Naufunika mpira kwa mfuko wa nailoni, naubana, namwogesha kuanzia kiunoni kwenda chini, juu nampangusa kwa kitambaa. Hivyo ndivyo nesi alivyonifundisha. Tangu mama aje kwangu sijawahi kufungua kile kifuniko. Naapa kwa Aliyeniumba.

Nilikupigia kuuliza majibu kwa sababu ni mimi ninayeshika mkono wake akitetemeka. Si wewe. Wewe uko Dar unatazama damu, mimi huku natazama mwenye damu.

Na la mwisho. Mabomba yangu ya kuchanjia mbuzi yanapungua. Mara ya kwanza nilimsingizia Hamidu, tukagombana bure. Sasa ninajiuliza nani anayaokota nyumbani kwangu, na kwa nini. Isije ikawa kuna mtu anayakusanya ili siku moja yakutwe mahali na kuambiwa ni ya Salha. Unanishuku, wifi, nami nakushuku. Tumekuwa sawa.

Salha


Mamba, Same
13 Aprili 2025

Honorata mwanangu,

Mambo si mazuri. Nilifanya ulivyoniagiza. Mama yako yuko hapa, mikononi mwangu, hakuna mwingine anayemgusa, nimemzuia hata dada wa kanisani aliyekuja kumsuka. Na bado anatetemeka. Zamani ilikuwa Jumatatu peke yake. Sasa ni Jumatatu na Alhamisi, zote mbili. Barabara ya huku kwetu mvua imeikata, Mzee Asheri anaendesha huku anakemea mapepo, na mama yako nyuma amelegea hajui kama tunapanda au tunashuka. Makande hayagusi. Jana ameniita kwa jina la kaka yake aliyefariki.

Daktari ameniambia huu mpira lazima utoke, na dawa aliyopewa peke yake haitoshi. Watauweka mwingine kwa kurudia upande wa kushoto, ule wa kwanza, palipobaki padogo. Nikamuuliza, na huo ukiharibika? Alinishika bega. Daktari akikushika bega, hayo ndiyo majibu.

Sielewi, mwanangu. Nimekaa nimewaza mpaka kichwa kimeniuma. Kama ni Salha, amewezaje kufika huku? Juzi ameleta uji kwenye chupa ya chai kwa mkono wa Iddi, eti mama anapenda uji wake wa ulezi. Nimeumwaga shambani. Kuku wameula na hawajafa, lakini kuku si mtu.

Nakuletea chupa mbili, si moja. Ya kwanza ni maji ya bomba la kwake. Ya pili nimeongeza mimi mwenyewe: maji yetu ya chanzo, pale juu ya ndiva yanapotokea kwenye jiwe kabla mnyama wala mtu hajayagusa. Nimeyateka alfajiri. Nataka wewe na huyo Asteria wako muone maji safi yalivyo, mlinganishe na ya mjini. Karatasi nimezibandika kwa gundi, na mwandiko wangu unaujua.

Fanya haraka.

Baba yako,
Eliezeri


Dar es Salaam
25 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nashukuru mpira mpya umewekwa salama na mama anakula tena. Nimelia kwa furaha kazini, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa chupa. Nijibu kwa makini. Karatasi ulizibandika mwenyewe, hapohapo, au ulimwachia mtu? Iddi alipita wapi nazo? Alisimama kwa Salha? Zililala stendi?

Kwa sababu zimebadilishwa, Baba. Chupa yenye karatasi ya bomba la Salha nimeipanda, nimeiacha mezani, haikuota waridi hata chembe. Chupa uliyoandika "Maji ya chanzo" imeota waridi tupu, ndugu yake yuleyule aliyekuwa kwenye damu. Nimewalinganisha kila namna ninayoijua. Ni yeye.

Mtu amebandua karatasi akazigeuza. Ni nani mwenye faida hapo, kama si yeye? Asteria ananiambia eti nisome kilichoandikwa kwenye chupa, niache kuandika cha kwangu. Yeye hamjui Salha.

Mlinde mama. Mpira huu ni wa mwisho, Baba. Baada ya huu hakuna mwingine, na bila mpira hakuna kusafishwa damu, na bila kusafishwa, mama hatumfikishi popote. Usimruhusu Salha kukanyaga hapo.

Honorata


Same Mjini
5 Mei 2025

Wifi Honorata,

Baba alinikataza kukanyaga Mamba, nami nimekanyaga. Jumamosi nilimwambia Iddi anipandishe, nikabeba uji wangu, nikasema leo wanimwagie usoni, lakini mama nitamwona.

Nilipofika, uani hapana mtu. Nikapita jikoni nikamsikia baba anaongea na mama chumbani kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Anamwambia, "Vumilia kidogo, mke wangu, nazibua tu." Nikasogeza pazia.

Wifi, laiti ungeona! Amevaa shati lake la kanisani. Mikono ameiosha mpaka imeparara. Kwenye stuli ametandika kitambaa cheupe, juu yake bakuli la maji, na bomba la sindano langu, lile la mbuzi. Mama amelala, amegeuza uso ukutani, anatulia kabisa kama mtu aliyezoea. Na baba ameinama juu ya ule mpira mpya, miwani iko puani, ameshafungua kibano, anashika kifuniko kwa ncha za vidole, polepole, asimuumize.

Nilipiga kelele. Bakuli likamwagika.

Hakuona kosa, wifi, hata kidogo! Alinieleza kwa fahari. Kwamba manesi wanauacha mpira bila maji kupita, na mfereji usiopitishwa maji unaziba, na yeye alimwona nesi akifungua na kusukuma, akajifunza kwa macho. Tangu Krismasi kila Jumamosi anausukuma kwa maji ya chanzo, kidogo tu. Hayachemshi, anasema ukiyachemsha unayaharibu, na kwamba uliyoandika wewe ni ya maji ya bomba, si ya jiwe. Mlipomleta mama moja kwa moja Mamba, akawa anausukuma kabla ya kila safari. Huu mpya alikuwa hajaugusa, alingoja kidonda kikauke, na ndiyo kwanza alikuwa anauanza. Mama alikubali kunyamaza kwa sababu daktari alimkataza baba mbele za watu, na mama hakutaka mzee wake aaibishwe tena.

Sasa unajua nani alikuwa anaokota mabomba yangu. Na unajua chupa hazikubadilishwa.

Nifanyeje? Nilimtazama yule mzee na kitambaa chake cheupe. Wifi, mimi baba yangu nilimzika nikiwa msichana mdogo. Huyu ndiye aliyenipokea mimi wa dini nyingine akaniambia, "Karibu, hapa hatuulizani." Nikimwambia kwamba mkono wake ndio uliotaka kumuua mama Koleta, nani atamzuia asife yeye? Nikamdanganya. Nikamwambia mpira huu mpya ni wa aina nyingine, hauzibi, hautaki kuguswa. Akauliza, "Basi ile homa ilitokana na nini?" Nikasema ni mimi. Nikasema, "Baba, nilikuwa naulowesha nikimwogesha, nilizembea, nisamehe." Kisha akanywa uji wangu.

Mwache aamini hivyo. Kwangu si mzigo, nilishaubeba mlipokuwa mnanishuku. Nakuomba tu usimwambie.

Salha


Mamba, Same
14 Mei 2025

Mwanangu mpendwa Honorata,

Leo nakuandikia nikiwa na moyo mweupe. Mama yako amekaa uani anachambua maharage na kunisema, kwa hiyo amepona. Tangu mpira mpya uwekwe hajatetemeka hata mara moja, Jumatatu wala Alhamisi.

Ulisema kweli, nami nilikuwa mgumu wa kuamini. Ni Salha. Amekiri mwenyewe mbele yangu, hapa chumbani, machozi yanamtoka. Alikuwa anaulowesha mpira. Uzembe, si ubaya. Nilikasirika, nisikufiche, lakini amekiri bila kusukumwa, na mtu wa namna hiyo hafukuzwi. Nimemsamehe.

Ila jambo kama hili halimalizwi chumbani. Huku kwetu watu walishaanza kusema nyumba yangu ina mkono mbaya. Nimewaita wazee wa ukoo na mchungaji, Jumapili ya tarehe 25, baada ya ibada. Salha atasimama aseme alichofanya, atashika miguu ya mama yako, sisi tutamsamehe mbele ya watu, na neno litakwisha. Nimemtumia ujumbe kwa Iddi, amejibu kwamba atakuja. Nawe uje na karatasi za hivyo vipimo vyako, usomee wazee, ili isionekane tumemwonea.

Kitu kimoja tu kinanisumbua kidogo. Alhamisi nesi amesema mpira unapitisha damu polepole. Nilidhani huu hauzibi. Sijamwambia mtu. Lile bomba la sindano bado ninalo, nimelifunga kwenye kitambaa kisafi, na kesho kutwa nikipanda kwenye chanzo nitateka maji mapya, iwe akiba tu. Huu ni wa mwisho, uliniambia mwenyewe. Siwezi kukaa nautazama ukifa.

Ni mimi baba yako mwenye furaha,
Eliezeri


Dar es Salaam
16 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Usiuguse mpira. Soma mstari huo tena, kisha uendelee.

Barua hii inasafiri na basi la asubuhi na Iddi ameahidi kutosimama popote. Lakini kabla ya kuiandika nimemfungulia Salha namba yake, nimempigia, na yuko njiani kupanda kwako. Ameshawaambia manesi kuhusu mpira kwenda polepole, na wao wana dawa yao ya kuuzibua. Ni kazi yao, wanayo njia, na hakuna njia nyingine.

Salha aliniomba nisikwambie haya. Nilikubali kwa muda wa siku chache, nikajiona mwema. Barua yako imenionyesha kwamba nikinyamaza, mama atakufa.

Chupa hazikubadilishwa, Baba. Karatasi ulizibandika sawasawa. Yule wa waridi aliyekuwa kwenye damu ya mama ni wa chanzo chetu. Maji yale ni safi, usiyasingizie. Nimeyanywa tangu utotoni na nitayanywa tena. Lakini kinywani na kwenye damu ni mahali pawili. Hata maji ya hapa maabara, hata ya mvua, ukiyasukuma kwenye ule mpira yanabeba kitu, kinajishikiza ndani, kinakaa. Mpira si mfereji. Kila Jumamosi uliyomhudumia, Jumatatu yake alitetemeka.

Salha hakulowesha kitu. Alikudanganya ili usiumie. Hana kosa la kusamehewa.

Mwenye kosa jingine ni mimi. Nilikuwa na ukweli mezani, wenye mwandiko wako, nikausoma kinyume kwa sababu nilishamhukumu mtu. Mimi ndiye niliyemtoa mama kwenye nyumba iliyomtunza nikamleta kwenye maji. Ungesema ulichokuwa unafanya, na mimi ningeuliza badala ya kushuku, upande wa kulia wa mama ungekuwepo bado.

Najua yanavyouma. Lia, Baba, kasirika, nitukane. Ulimpenda kwa kazi unayoijua. Hakuna atakayekusema vingine mbele yangu. Mkutano wa Jumapili uvunje, au uuache nije nisimame mimi niwaambie wazee jinsi nilivyomsingizia mke wa kaka yangu. Jina lako sitalitaja.

Salha akifika atakuomba lile bomba la sindano. Tafadhali, Baba, mpe.

Mwanao,
Honorata


Mamba, Same
17 Mei 2025

Honorata,

Bomba nimempa. Na kitambaa chake.

Amenikuta nimeshateka maji, niko mlangoni. Alinyoosha mkono tu. Barua yako Iddi akaifikisha baadaye, nikaisomea ndivani. Mama yako amenikalia karibu tangu hapo na hanisemi, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Mkutano uko palepale. Wazee wameshaalikwa. Wewe njoo, ukae upande wa wanawake pamoja na wifi yako, na Salha asiinuke kwenye kiti chake. Nitasimama mimi.

Baba yako,
Eliezeri